Aliniambia mwenyewe, na mimi nikamwambia ajikaze

Mwezi wa saba mwaka wa 2023 kuna jamaa wa steji yetu hapa Manyatta, Kisumu, alikuwa analeta pikipiki kwangu karibu kila jioni na pikipiki yenyewe haikuwa na shida yoyote. Anafika saa kumi na mbili hivi, anazima, anasema "Fundi, hebu sikiza hii kitu, kuna sauti inafanya." Nawasha, nasikiza. Natoa plagi naangalia rangi, iko kahawia vizuri, nakagua cheni, nakagua tapeti, hakuna kitu. Namwambia "Omera, hii mashine iko sawa." Anasema sawa, lakini haendi. Anakaa pale kwa kreti ya soda anaangalia nikifanya za wengine mpaka giza linaingia.

Na hiyo saa ndio pesa iko barabarani. Mtu wa boda anajua kutoka saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku ndio anatafuta ya siku, watu wanatoka kazi, wanatoka soko, na huyu alikuwa na deni la pikipiki la kulipa kila siku mpaka Jumapili. Mimi niliona hiyo yote na sikuuliza. Nilidhani ameanza uvivu, na kuna siku nilimwambia hivyo machoni.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia ati wanaume hawaongei. Kila mahali ni hiyo, redioni, kanisani, kwa magrupu ya WhatsApp, wanaume fungukeni, wanaume semeni, wanaume wanakufa na siri. Huyu alisema. Nimekaa chini nikahesabu, ni mara nne, na mara zote nne mwenye aliambiwa ni mimi. Hakusema na maneno ya kwenye bango la hospitali, alisema na maneno yake, lakini alisema, na mimi nilikuwa na masikio mawili na spana mkononi.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio ieleweke.

Mwezi wa pili mwaka huo jamaa alipata ajali barabara ya Kakamega, ukishapita Mamboleo, lori likambana akaingia mtaroni. Yeye alitoka na mguu umechubuka na kidole kimevunjika. Abiria alikuwa mama mmoja anatoka soko ya Kibuye na gunia la omena, na yule mama alikufa hospitalini siku ya tatu.

Pikipiki ililetwa kwangu na mkokoteni. Foki zote mbili zimepinda, rimu ya mbele imekuwa kama yai, taa hakuna, tangi limebonyea upande mmoja. Na omena ilikuwa imeingia kila mahali, katikati ya mapezi ya injini, chini ya kiti, kwa cheni, imekauka imeshika na oili. Nilikaa na brashi ya waya na petroli siku mbili nikitoa omena kwa hiyo mashine, na mpaka leo nikisikia hizo harufu mbili pamoja lazima nisimame kidogo. Nilinyoosha foki, nikaweka rimu nyingine, bili ikafika shilingi 9,400, steji ikachanga nusu. Baada ya wiki mbili nikampigia simu nikamwambia kuja chukua, imerudi kama ilivyotoka dukani. Akaja, akaipanda, akaenda kazi.

Watu wote walikuwa wanauliza pikipiki imepona? Hilo ndilo swali alipata, steji nzima, nyumbani, hata mimi, mimi zaidi ya wote kwa sababu niliona fahari na kazi yangu. Hakuna mtu hata mmoja alimuuliza kuhusu yule mama. Tulikuwa tunaona ni heshima, tusimkumbushe mambo mabaya. Na yeye alikuwa anapita pale Mamboleo mara tano mara sita kwa siku, kwa sababu huko ndiko wateja wake wako.

Mara ya kwanza aliniambia ilikuwa kama mwezi wa nne. Nilikuwa nimeinama nabadilisha kluchi pleti ya mtu mwingine, yeye yuko kwa kreti, akasema polepole tu, "Fundi mimi siku hizi silali. Nikifunga macho nasikia breki." Sikuinua kichwa. Nilimwambia hiyo ni stresi ya deni, maliza hilo deni uone kama hutalala kama mtoto. Akacheka kidogo. Tukaendelea na mambo ya mpira.

Ya pili alisema kifua kinambana, hapa katikati, na kichwa upande wa nyuma, na mikono inakufa ganzi akiwa barabarani. Hapa kwetu kila kitu ni malaria na taifodi, mtu akisema tu mwili hauko sawa anatumwa kemisti. Alipima, malaria hakuna, akanunua dawa ya malaria hata hivyo kwa sababu lazima iwe ni kitu. Mimi nilimwambia apunguze jua na anywe maji mengi. Mwenye kifua kinabanwa na kitu alichokiona, mimi nikamwambia anywe maji.

Ya tatu hakusema na mdomo na bado naihesabu. Alipigana na mteja Kondele kwa sababu ya shilingi 20. Huyu ni mtu miaka yote nimemjua anasamehea watu nauli, mtu anabeba watoto wa shule bure mvua ikinyesha. Steji ikamwita kikao, akatozwa faini ya shilingi 1,000 na akasimamishwa kazi wiki moja, na tulipopiga kura ya mikono mkono wangu ulikuwa juu. Nakumbuka alivyoniangalia. Hakuna mwenye alisema jamani, huyu si yule tunayemjua, kuna nini.

Ya nne ndiyo inaniamsha usiku. Alikuja na jezi yake ya Gor Mahia, ile ya kijani, ameifua na kuipiga pasi na kuikunja, akanipa. Alikuwa anaipenda hiyo jezi kuliko nguo yoyote aliyokuwa nayo, na mimi hata si mtu wa Gor, mimi ni Ingwe, yaani AFC Leopards, timu ya watu wa kwetu. Nikamuuliza hii ni ya nini, akasema "Kaa nayo tu." Halafu akasema, "Nikienda, utakuwa unamwangalilia huyu kijana wangu?" Nikamuuliza unaenda wapi, umepata kazi Qatar? Kila mtu pale gereji akacheka. Na yeye akacheka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi mama watoto wake akanipigia, hakusema hata habari ya asubuhi, alisema tu "Shemeji, njoo."

Sitaandika kilichofanyika, hiyo si ya mtu kusoma. Nitasema tu kwamba jirani alikuwa amesahau chaja ya simu kwao, akarudia, na kwa sababu ya hiyo chaja jamaa yangu yuko hai na hii nimemsomea yote kabla ya kuiweka hapa, akasema weka, toa tu jina langu.

Sasa sikiza kile kilitokea hospitalini, kwa sababu watu wengi hawajui tulikuwa tunaishi na sheria gani. Tumefika naye kwa mlango wa dharura, mimi, mama watoto na jirani, na kitu cha kwanza tulifanya ni kukubaliana uongo. Kwa kunong'ona, pale nje, yeye amelala kwa kiti cha nyuma cha tuktuk. Tuseme ameanguka. Tuseme ni dawa ya mifugo alidhani ni ya kikohozi. Tuseme chochote. Kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilikuwa kinasema mtu akijaribu kujiua amefanya kosa, na adhabu yake ilikuwa inaweza kufika miaka 2 jela, au faini, au zote pamoja. Hiyo sheria tuliachiwa na mkoloni na tukakaa nayo miaka sitini baada ya bendera. Kwa hivyo daktari anakuuliza amekula nini, na wewe unajua ukisema ukweli labda mtu atatoka wodi akienda seli, na ukisema uongo labda atatibiwa kitu kingine afe. Mama watoto ndiye alisema ukweli mwishowe, alimshika yule daktari mkono akamwambia sikia baba, nitakuambia lakini usiite polisi, nakuomba kwa magoti. Na alipiga magoti kweli, pale kwa sakafu, na leso yake.

Daktari hakuita polisi. Lakini kuna mwingine pale ndani, sitasema ni wapi, alimwambia jamaa akiwa bado na dripu, "Wewe mwanaume mzima na watoto, huoni aibu?" Aliweza kusikia. Ameniambia alisikia kila kitu.

Mwezi wa kwanza 2025 Mahakama Kuu kule Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ikasema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba, kwamba kinabagua mtu kwa sababu ya afya yake, kinamvunjia heshima na kinafanya watu waogope kutafuta usaidizi. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Nilisoma hiyo habari kwa simu nikiwa na mikono imejaa grisi, nikaacha kioo kimechafuka, nikampigia jamaa hapo hapo. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo mimi si mhalifu tena." Mwaka mmoja na nusu alikuwa anatembea Kisumu akijiona mhalifu na mimi hata hiyo sikujua.

Nirudi kwangu, kwa sababu si haki niongee tu ya mwenzangu.

Mimi ni Mbukusu, kwetu ni upande wa Chwele, Bungoma. Nilitahiriwa mwezi wa nane mwaka wa 2002, kwetu inakuwa mwaka wa kugawanyika kwa mbili. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Mtu wa kwetu anajua, unazunguka na njuga za chinyimba unaita jamaa, halafu alfajiri unapelekwa mtoni, unapakwa tope kuanzia kichwa, unarudi nyumbani na umati unaimba, unasimama uani mbele ya boma lote, na wazee wanaangalia macho yako. Hawaangalii kisu, wanaangalia macho. Ukipepesa, wameona. Ukitikisika goti, wameona, na itasemwa mpaka wajukuu. Mjomba aliniambia "Ukitingisika umenimaliza mimi na mama yako." Sikutingisika. Nilipewa ndama na shilingi, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikaisha, na mpaka leo hiyo ni moja ya asubuhi ninazojivunia maishani. Sisemi mila ni mbaya, sitaki mtu aje kuniambia nimetukana kwetu.

Ninachosema ni kwamba hakuna mzee alinishika kando akaniambia kijana, hiyo ya kusimama tuli ilikuwa ya asubuhi moja. Imeisha, sasa unaweza kupepesa. Nilitoka pale nikaendelea kusimama. Dada yangu mdogo alikufa 2011, nikasimama. Biashara ya kwanza ikaanguka, nikasimama. Na mtu akija kwangu anatikisika, mimi naangalia macho yake kama wale wazee, namwambia jikaze, kwa sababu hilo ndilo neno pekee nililopewa. Jamaa yangu ni Mjaluo, hao hawatahiri kimila, lakini babu yake alikuwa wa wale wa kutolewa meno sita ya chini, na huko pia haukuwa unalia. Tumezaliwa mito tofauti lakini tumepita mtihani mmoja.

Na kuna kitu kingine nimeona hapa Kisumu ambacho kwa kweli nimekipenda. Matangani, mwanaume mzima, mzee wa suti, anaanza kulia kwa sauti akiwa bado barabarani, anaingia boma analia, anaita marehemu kwa jina, na hakuna mtu anamcheka, ni heshima. Kwa hivyo si kweli kwamba mwanaume hapa halii. Analia. Tumemruhusu kulia mtu akishakufa. Tena akiwa yeye ndiye amekufa tutamlilia sana, tutakodisha basi, tutavaa tisheti ya picha yake.

Baada ya ile Jumapili mimi pia nilianza kukosa usingizi. Nikila chakula kinakwama. Siku moja, ilikuwa Jumatano saa nane mchana, nilikuwa natafuta spana namba 14 chini ya meza nikaona ile jezi, nilikuwa nimeitupa pale kwa kona kama tambara, imeanza kushika oili. Kitu kikapanda kutoka tumboni. Nilienda nyuma ya gereji pale kompresa iko, na nikaiwasha. Hakukuwa na gurudumu la kujaza. Niliiwasha ndio watu wasisikie. Nilikaa chini kwa simiti nikalia na hiyo kompresa inapiga kelele kichwani mpaka ikajaa ikajizima yenyewe, na kukawa kimya ghafla, na mimi bado nalia. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa amesimama kwa mlango na chubu mkononi. Hakusema kitu. Akaweka chubu chini, akafungua hewa yote ya kompresa ikatoka, akaiwasha tena, akaenda.

Ana miaka kumi na tisa huyo kijana.

Krismasi hiyo nilienda nyumbani nikamuuliza mzee wangu. Nilimkumbuka wakati wa matanga ya dada, hakutoa chozi, siku tatu alikuwa anapigilia misumari kwa paa la zizi la ng'ombe ambalo halikuwa linavuja. Tulikuwa tumekaa nje wawili tu, anamenya muwa na kisu. Nikasema, "Baba, wakati ule wa dada, wewe hukulia?" Alinyamaza mpaka nikadhani amekasirika. Akamaliza kumenya, akakata kipande akanipa, akasema, "Nililia. Nililia kwa shamba. Miwa ikiwa mirefu hakuna mtu anakusikia." Miaka kumi na mbili nilikuwa nadhani baba yangu ni jiwe, na kumbe mimi na yeye tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na miwa na mimi nina kompresa.

Jamaa alianza kliniki mwezi wa tisa. Haikuwa rahisi, kwanza kuna upande wa familia yake walisema ni chira, kuna kitu cha mila kimevunjwa, labda yule mama aliyekufa alitakiwa kufanyiwa jambo. Kuna wa maombi nao wakasema ni pepo. Siwezi kudharau hao watu kwa sababu ndio walikuja, walikaa naye, walimpikia, wakati sisi wa steji tulikuwa tunamkwepa hatujui tuseme nini. Na lile la yule mama halikuwa upuuzi, walienda kwao pamoja, na wazee wawili, wakakaa na ile familia wakala nao. Jamaa anasema siku hiyo ilimtoa jiwe kifuani. Lakini na dawa alikunywa. Alikuwa karibu kuacha kwa sababu wiki ya kwanza hakusikia tofauti, akasema ni pesa ya bure, na sista wa kliniki akamweleza kwamba hizi si Panadol, zinachukua wiki mbili mpaka nne ndio uanze kusikia, wengine hata zaidi, na usiache ghafla kwa kichwa chako mwenyewe.

Nilienda naye mara kadhaa, na yule kaunsela akaniambia nami nikae. Anauliza maswali tisa, yote ni ya wiki mbili zilizopita, umelala vipi, umekula vipi, kuna kitu bado kinakufurahisha, unajiona umewaangusha watu wako, na la mwisho ni kama umefikiria ni afadhali ufe. Analiuliza hivyo hivyo, kawaida, kama vile unaulizwa uzito. Nilishtuka. Mimi nilikuwa najua hilo neno hulitaji mbele ya mtu, utamwekea wazo. Akaniambia hapana, kumuuliza mtu hakumwekei wazo, wazo kama lipo lipo, ukimuuliza unampa tu mahali pa kuliweka chini. Hiyo ndiyo kitu moja natamani ningejua ile Ijumaa ya jezi. Si hotuba. Swali moja tu, "Unaenda wapi? Unataka kufa?"

Aliniambia pia kwamba wanaume wengi wanafika pale wakisema kichwa, mgongo, tumbo, au wanaletwa kwa sababu ya pombe na vita, na si kwamba wanaficha, ni kwamba huko ndiko uchungu unatokea kwao. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na ukiangalia dunia nzima wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hapa Kenya mwaka wa 2020 jopo la serikali la Daktari Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mimi nilizisikia hizo habari wakati huo, nikazipita kama matangazo ya sabuni.

Steji yetu ina chama. Kila mtu anatoa shilingi 50 kwa siku, mtu akifiwa anapewa, akipata ajali anapewa, akifa tunazika. Mwezi wa tatu mwaka wa 2025 nilisimama kwa kikao nikaomba kitu kidogo, kwamba mtu wa ajali, hasa ajali ya mtu kufa, asirudi barabarani kabla watu wawili hawajakaa naye siku nzima, na chama kilipe nauli na ada ya kwenda kliniki kama anahitaji. Pale Jaramogi, ile hospitali wazee bado wanaita Russia, kuna upande wa akili, si mbali, ni mwendo wa dakika chache. Na nikawapa namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo, unapiga hata usiku unaongea na mtu.

Kimya. Unajua ile kimya ya wanaume arobaini wamevaa rifleksa. Mmoja akasema hizo ni mambo ya watu wa ofisi, sisi tunataka taya na mafuta. Mwingine akasema tukianza hiyo kila mtu atakuwa anasema hajalala ndio alipwe. Mwenyekiti, mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Seme, mkali, huyo ndiye alikuwa amesoma ile faini ya jamaa, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tutaangalia, akafunga kikao na maombi. Nilirudi gereji nikiwa na uchungu sana, nikaona nimevua nguo mbele ya watu bure.

Ikapita kama wiki mbili. Jioni moja, saa kumi na mbili, mwenyekiti akafika na pikipiki yake, akazima, akatoa helmeti, akasema, "Fundi, hebu angalia hii kitu, kuna sauti inafanya."

Niliwasha. Niliisikiliza muda mrefu, mrefu kuliko kawaida, na ilikuwa inapiga vizuri kabisa. Sikumwambia iko sawa. Nilizima, nikavuta kreti mbili, moja yake moja yangu, nikachukua kabureta ya mtu mwingine nikaanza kuisafisha polepole ndio tuwe na kitu cha kuangalia.

"Hii sauti ilianza lini, jaduong'?"

Akaangalia ile kabureta. Akasema, "Tangu kijana wangu aende." Kijana wake wa pili, alikufa 2016, sisi wote tulimzika.

Nikamwambia kijana wangu wa kazi afunge mlango wa mbele, na asiwashe kompresa.